Tusimguse Vunjajungu



Sisi watu wa pwani hatuhitaji kuelezwa kwamba neno vunjajungu lina maana mbili. Ya kwanza ni ile karamu ya siku za mwisho za Shaabani, jamaa wanapokusanyika kula pamoja kabla ya mwezi mtukufu kuandama. Ya pili ni yule mdudu wa kijani, mrefu wa shingo, aliyekunja mikono kifuani kama mtu aombaye. Bibi zetu walitukanya tusimguse. Amgusaye, walisema, chombo atakachokishika baada yake kitavunjika. Tulipokua tuliyacheka maneno hayo, tukayaweka kapu moja na mengine ya kale. Leo twaandika habari ya nyumba yetu, hapa Malindi, iliyomgusa vunjajungu, na namna tulivyorudi kuyafikiri upya maneno ya bibi zetu.

Mambo yalianza na kamera. Mjomba wa watoto, afanyaye kazi Maskati, alipokuja likizo alituachia kamera yake ya zamani pamoja na lenzi moja ya milimita 50. Binti yetu mkubwa, aliyekuwa na umri wa miaka 15, aliipokea kama aliyekabidhiwa dhahabu. Alianza na ndugu zake, akaja kwa paka wa barazani, akenda kwa mashua za pwani. Kisha siku moja akamwona nzi juu ya embe lililokatwa, akamsogelea, na hapo akakutana na kizuizi ambacho kila mwenye kamera hukutana nacho: lenzi ya kawaida ina mpaka wake. Ukiuvuka ukakaribia zaidi, kila kitu hugeuka ukungu.

Tukaanza kuuliza na kusoma, wazazi na watoto pamoja. Tulijifunza kwamba katika fani hii kipimo si ukubwa wa picha ukutani. Kipimo ni ukubwa wa mdudu ndani ya kamera yenyewe, juu ya kihisi, kile kibamba kinachopokea mwanga mahali palipokuwa pa filamu zamani. Mdudu wa milimita 10 akiwa na milimita 10 juu ya kihisi, huo ni ukubwa wake halisi. Akiwa na milimita 50, amekuzwa mara tano. Kihisi cha kamera kubwa za kawaida kina upana wa milimita 36 na kimo cha milimita 24. Kwa hivyo ukikuza mara tano, picha yako nzima ni eneo la milimita 7 kwa 5 hivi, na hapo kichwa cha nyuki tu chatosha kuijaza.

Zipo lenzi zilizoundwa kwa kazi hiyo peke yake. Kampuni ya Canon ilitoa mwaka 1999 lenzi ya milimita 65 ianziayo ukubwa halisi na kufika mara tano, na haiwezi kupiga picha ya kitu cha mbali hata kidogo. Bei yake ilikuwa nje ya uwezo wetu. Lakini wasio nacho nao wana njia yao, nayo ni pete za kurefusha: mirija mitupu isiyo na kioo ndani, iwekwayo baina ya kamera na lenzi ili kuisukuma lenzi mbele. Hesabu yake ni nyepesi. Chukua urefu wa pete, ugawanye kwa milimita za lenzi. Pete zetu tatu, za milimita 12, 20 na 36, zikiungana ni 68. Kwa lenzi ya 50 zikatupa mara 1.36. Baadaye tukajua kwamba lenzi ya kawaida ikifungwa kinyume, mbele ikawa nyuma, kwa pete ya bei ndogo, hukuza zaidi. Na kadiri lenzi ilivyo fupi ndivyo inavyokuza.

Basi kukuza si kazi. Kazi ni yale yanayokuja pamoja na kukuza. Kadiri unavyokaribia ndivyo mwanga unavyopungua ndani ya lenzi, na kwa mara tano kioo cha mbele kiko sentimita nne tu kutoka kwa mdudu, hata kivuli cha kamera humfunika. Hapo hapana budi kutumia flashi, nayo flashi kavu humfanya mdudu ang'are kama sufuria mpya. Sisi tulikata kopo jeupe la mtindi, tukalitandika karatasi nyembamba, mwanga ukalainika.

La kutaabisha kuliko yote ni kina. Kwa mara tano, hata ukilifinya sana tundu la lenzi, sehemu inayoonekana wazi haizidi robo ya milimita hivi. Jicho likionekana, papasi zimepotea. Papasi zikionekana, jicho ni ukungu. Ukilifinya tundu zaidi ya hapo, picha nzima hulegea, kwa kuwa mwanga unaopita katika tundu dogo mno hutawanyika. Pumzi yako yatosha kuiharibu kazi, na hata mpigo wa moyo wako huonekana katika kamera.

Dawa waliyoigundua mafundi ni kupiga picha nyingi za mdudu mmoja, kila moja ikisogezwa mbele kwa unywele, kisha programu ya kompyuta ikachukua kipande kilicho wazi katika kila picha na kuviunga vyote kuwa picha moja. Mpiga picha wa Uingereza, Levon Biss, alifanya hivyo kwa wadudu wa jumba la makumbusho la Chuo Kikuu cha Oxford, na mwaka 2016 akazionyesha picha ambazo kila moja imeungwa kutoka picha zaidi ya 8,000. Mtazamaji huona kila nywele na kila kishimo cha gamba. Lakini zingatieni jambo moja: wadudu wale walikuwa wamekufa zamani na kuhifadhiwa katika makumbusho, na yeye hakulificha hilo. Mdudu aliye hai hakusubiri upige picha 8,000. Pengine hakusubiri hata tatu.

Hapo ndipo tulipoteleza.

Ilikuwa siku ya karamu yetu ya vunjajungu. Nyumba imejaa, nyama imeshakatwa na kuwekwa katika jokofu, mchele unachaguliwa uani. Mtoto wetu wa kiume akaja mbio kutoka kwenye mlimau wa nyuma ya nyumba amebeba kikopo, na ndani yake vunjajungu mkubwa wa kijani. Alikuwa amesikia kwa mwenzake kwamba wapiga picha huwatia wadudu kwenye baridi ili watulie. Maneno hayo yana ukweli: wadudu wengi hawana joto lao wenyewe kama sisi, hewa ikipoa nao hupoa, na mdudu aliyepoa hana haraka. Dada yake alituuliza kama yafaa. Sisi watu wazima, mikono yetu imo katika vitunguu, tukajibu bila kugeuka: dakika tano tu.

Rafu za chini zilijaa nyama. Kikopo kikatiwa juu, kwenye barafu. Wageni wakaingia. Ikaadhiniwa Alasiri, watu wakasali, sinia zikapakuliwa, maongezi yakanoga. Tulimkumbuka baada ya Magharibi.

Alikuwa mkavu, mikono imekunjwa vilevile kifuani. Tulimweka karibu na taa, tukangoja. Watoto walimpulizia pumzi za vuguvugu. Hakutikisika. Na sasa twasema lile ambalo ni zito kwetu kulisema: badala ya kumzika, tulitandaza vifaa. Kwa kuwa sasa hatembei, hageuzi kichwa, hapepesuki kwa upepo. Binti yetu alipiga picha 43, kompyuta ikaziunga, na ikatoka picha ambayo hatujapata kuipiga tena hadi leo. Vijicho vya pembe sita vilipangana kama sega la nyuki. Miiba ya mikono ilihesabika mmoja mmoja.

Bibi yao, aliyekuwa amekaa kitandani na tasbihi yake, aliitazama picha, kisha akakitazama kikopo. Akauliza, "Hakuwa chakula, hakuwa adui. Basi mlimtakia nini, wanangu?"

Hatukumjibu. Picha ilikuwa imeshatumwa kwa jamaa, na majibu yameanza kurudi: Masha Allah, Subhana Llah, hongera. Mwezi uliofuata Idi, shule ya binti yetu iliandaa maonyesho ya kazi za wanafunzi, na picha ile ikachaguliwa. Chini yake palitakiwa maelezo. Binti yetu alituuliza aandike nini. Tulimwambia aandike jina la mdudu na mahali. Yatosha, tulisema, mengine ni ya nyumbani.

Siku ya kwanza ya maonyesho alirudi nyumbani, asile. Tulidhani ni homa. Usiku ndipo aliposema, "Mwalimu amenisifu mbele ya watu kwa subira yangu. Na mimi, mama, sikusubiri."

Ndugu wasomaji, tulikaa kikao usiku ule. Mmoja wetu alisema kwamba jambo lenyewe dogo. Mbu twampulizia dawa kila jioni, mende twampiga kwa kiatu, iweje tukose usingizi kwa vunjajungu? Hoja hiyo si ya kupuuzwa. Lakini mbu huleta malaria, na kujikinga na madhara ni haki ya mtu. Vunjajungu hakumdhuru mtu. Kinyume chake, hula wadudu waharibuo mimea. Hatukumwua kwa kujikinga. Tulimwua kwa kughafilika, kisha tukafaidika na mauti yake, kisha tukapokea sifa za kumvumilia. Mambo matatu, na la tatu ndilo zito, kwa sababu mawili ya kwanza yalikuwa baina yetu na yule kiumbe, lakini la tatu tuliwahadaa watu.

Tulikumbushana pia tuliyofundishwa chuoni tukiwa wadogo, ambayo tulikuwa tukiwasomesha watoto bila kuyapima kwa matendo yetu. Kwamba Mtume (S.A.W.) alikataza kiumbe chenye roho kifanywe shabaha. Kwamba alisimulia habari ya nabii aliyeumwa na chungu mmoja, akaamuru kiota kizima kichomwe, akalaumiwa na Mola wake. Kwamba Qur'ani ina sura ziitwazo kwa majina ya nyuki, ya chungu na ya buibui. Suala la hukumu ya picha zenyewe twawaachia masheikh wetu. Lakini huruma kwa kiumbe hai na ukweli wa maneno si masuala ya kungoja fatwa.

Hatukuwa wa kwanza kutaka mdudu atulie kwa ajili ya macho yetu. Mwaka 1665, huko London, Robert Hooke alitoa kitabu chake mashuhuri, Micrographia, cha vitu vilivyotazamwa kwa hadubini. Alipotaka kumchora chungu, chungu akamtaabisha. Akimbana miguu kwa nta au gundi, hujinyonganyonga. Akimwua, umbo huharibika. Mwishowe akamlewesha kwa pombe kali, akalala chapa kwa muda wa saa hivi, kisha akazindukana na kukimbia zake. Watoto walicheka sana kusikia habari ya chungu mlevi. Lakini tukawaonyesha jambo: bwana yule aliandika wazi yote aliyoyafanya. Msomaji wa mchoro wake ajua alichokitazama kilipatikana vipi. Sisi tulikuwa na kamera ambayo yeye hakuiota, na maelezo yetu yalikuwa pungufu ya yake.

Asubuhi binti yetu aliandika maelezo mapya kwa mkono wake: "Vunjajungu huyu alikuwa amekwisha kufa nilipompiga picha. Tulimweka barafuni ili atulie, tukamsahau. Picha hii imeungwa kutoka picha 43." Tulikwenda naye shuleni, kwa sababu ruhusa ya dakika tano tuliitoa sisi. Mwalimu aliyasoma mara mbili, kisha akayabandika. Hapakuwa na tuzo wala adhabu. Wazazi wengine walicheka. Mmoja alituuliza kama tutamsomea khitma. Lakini tuliona jambo: watu waliokuwa wakiipita picha ile wakisema "nzuri" sasa walisimama, wakasoma, wakaitazama tena kwa jicho jingine. Na binti yetu alikula chakula chake cha jioni.

Tangu hapo nyumba yetu ina adabu zake za kamera, nazo twazitaja huenda zikamfaa mwenye watoto wenye hamu kama hii, ambayo ni hamu njema.

Wakati wetu ni baada ya Alfajiri. Watu wameshaamka kwa sala, upepo haujaamka, na umande bado uko majanini. Wadudu wenyewe wamepoa kwa baridi ya usiku aliyoiumba Mwenyezi Mungu, si kwa jokofu letu. Mdudu aliyelala juu ya jani saa kumi na mbili na nusu hukupa dakika nyingi ambazo saa nne hakupi.

Hatumwondoi mdudu mahali alipo, wala hatukati tawi analokalia. Jani likitikisika, twalishikiza kwa kijiti. Tukimwona akigeuka mara kwa mara kutukimbia, au akinyanyua mbawa kwa hofu, tumeshapata jibu lake na twaondoka. Kiota chenye makinda au mayai hatukifunui, kwani tukiisha kwenda zetu jua na chungu huja. Taa kali za joto hatutumii kabisa.

Picha za kuunga, zile zitakazo mdudu asiyetikisika, twazipiga kwa wale waliokufa wenyewe. Hao hawakosekani. Chini ya taa ya barazani baada ya mvua, penye madirisha, ndani ya utando wa buibui, kila asubuhi wapo. Fagio la bibi limetupatia nyigu, kereng'ende na nondo wasiohesabika.

Na kila picha ina maelezo yake: hai au maiti, alipokutwa, kama alisogezwa, na picha ngapi zimeungwa. Tumejifunza kwamba mjuzi hahadaiki kirahisi. Macho ya mdudu aliyekufa hupoteza mng'ao, na miguu yake haishiki jani kama ishikavyo ya aliye hai. Lakini hatuandiki kwa kumwogopa mjuzi. Twaandika kwa ajili ya yule asiyejua, anayetuamini.

Safari moja tuliwapeleka watoto Gede, kusini mwa mji wetu, kwenye mradi wa Kipepeo ulioanzishwa mwaka 1993. Wakulima wakaao kandokando ya msitu wa Arabuko-Sokoke hulea viwavi wa vipepeo hadi wawe mabuu ndani ya vifuko vyao, kisha mabuu hayo husafirishwa nje ya nchi kwenye nyumba za maonyesho. Tulichokipenda ni mizani ya biashara ile: bidhaa ni uhai wenyewe. Buu likifa njiani halina thamani, na msitu ukikatwa hakuna kipepeo wa kuanzia. Binti yetu alipiga picha huko asubuhi nzima bila kugusa ubawa hata mmoja, na kwa mara ya kwanza tangu siku ile tulimsikia akiimba nyuma ya kamera.

Shaabani iliyopita, juu ya mlimau uleule, alikuwapo vunjajungu mwingine. Mtoto wa kiume ndiye aliyemwona, na safari hii alikuja taratibu, mikono mitupu. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Binti yetu alipiga magoti juu ya majani yenye umande, mtandio wake ukalowa, akangoja. Vunjajungu aligeuza kichwa akamtazama. Ndani ya kila jicho la kijani mna kidoa cheusi kinachokufuata popote uendapo. Wataalamu hueleza kwamba ni vile vijicho vinavyokuelekea wewe, vinavyoumeza mwanga badala ya kuurudisha. Alipata picha tisa. Kisha upepo ukaja, mdudu akazunguka nyuma ya jani, na binti yetu akafunika lenzi yake.

Kwa macho ya fundi, picha ile ina kasoro. Papasi moja imepotea katika ukungu na mkono wa kushoto haukutoka vizuri. Ile ya kwanza yaishinda kwa kila kipimo cha fani. Hatukuifuta; tumeihifadhi pamoja na maelezo yake, ili tusisahau. Lakini iliyotundikwa ukumbini ni hii yenye kasoro, na chini yake pameandikwa: "Hai. Mlimau wa nyumbani. Hakuguswa."

Bibi aliiona siku ya karamu, akavaa miwani, akasoma polepole. Kisha akaagiza sinia liletwe, watu wale.

Wabillahi tawfiq.